Mlango wa Mbele

Kwa Bi Cropper,
Mtaa wa Vicarage,
London.
Jumatatu, 9 Novemba 1936

Dada yangu Selina,

Pokea kwanza salamu zangu, kabla sijakuharibia siku. Natumaini kifua chako kimetulia na kwamba baridi ya huko haijaanza kupenya madirishani. Shemeji Wilfred hajambo? Na njiwa wake je, yule jike mweupe aliyekuwa akiburuta bawa amepona? Mimi ni mzima wa mwili. Mwenye nyumba wangu, Bi Cropper, bado anatulisha samaki wa moshi asubuhi tano kwa wiki, na juzi mpangaji mmoja alimwomba kwa adabu zote awaache samaki hao wakazikwe na jamaa zao. Najua hapo umecheka. Lakini leo sikuandika ili nikuchekeshe, Dada. Nimeshachekesha vya kutosha.

Kabla ya yote nakuomba jambo moja. Jumamosi hii usimpeleke Wilfred kule sinema ya Tivoli mpaka uwe umeisoma barua hii hadi jina langu chini. Ukishaisoma, amua mwenyewe. Nami uamuzi wako nitaufuata bila kuuliza.

Barua yako ya Alhamisi nimeipata. Umenieleza jinsi meneja wa Tivoli, Bwana Tattersall, alivyokuja mwenyewe hadi nyumbani na kofia yake ya mviringo, akakwambia kuwa filamu imeandikwa na mtoto wa Harlebridge, na wiki hii ni ya kuwakumbuka askari wa ile Vita Kuu, kwa hiyo wanajeshi wote wa zamani wataingia bure na bendi itapiga. Wewe na Wilfred mmewekewa viti mstari wa mbele kabisa wa roshani, juu ya vichwa vya mji mzima, na mimi nitapanda jukwaani kusema maneno mawili matatu. Umeniambia umenunua kofia ya zambarau. Umeipiga pasi suti ya Wilfred na kuzing'arisha medali zake. Hata jirani yako Bi Entwistle, ambaye hajakusalimu tangu ule ugomvi wa kamba ya nguo, amekuja kujipendekeza akikuita dada wa mwenye filamu. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama kwenye ngazi.

Hukuniuliza filamu yenyewe inahusu nini. Uliandika tu kwamba umesikia inavunja watu mbavu. Inahusu mtu aliyepoteza kumbukumbu, Dada. Anatoka vitani na jeraha la kichwa, anarudi kwa mkewe, na hamjui.

Sasa nadhani umeweka barua mezani. Tafadhali ichukue tena.

Nianze na chumba chetu cha kazi, siyo kwa kujitetea, ila upate kuona. Tuko waandishi watano kuzunguka meza moja, na mkurugenzi, Bwana Stagg, anakaa kichwani na kengele ndogo ya mezani kama ile ya hotelini. Kila asubuhi kabla ya chai lazima kila mtu atoe kichekesho kipya. Stagg akicheka, kinaandikwa. Asipocheka anaigonga kengele, ting, na mtu mwingine anaanza. Ukigongewa siku tatu mfululizo unachukua koti lako na hakuna anayekuaga. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nimegongewa siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kazini kichwa kitupu kabisa, ila mfukoni mwa koti nilikuwa na barua yako iliyofika asubuhi ile.

Unaikumbuka? Ni ile uliyoniandikia kwamba Wilfred alimwaga mtama wa njiwa ndani ya kopo la chai, halafu akawapelekea njiwa majani ya chai, akasimama pale bandani akiwagombeza: ‘Kunyweni basi, mnangoja sukari?’ Wewe ulicheka, ukaandika kwamba ulicheka mpaka ukashika meza, halafu ukalia. Mimi mezani kwa Stagg niliisoma mpaka pale ulipocheka. Nilisema ni habari za jirani mmoja wa zamani. Stagg alivua miwani akafuta macho. Akaniambia, ‘Clem, huyo jirani yako ni mali. Kuna nyingine?’

Nikasema zipo.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kukuandikia kila wiki. Wewe ulidhani nimekua, nimekuwa mtu. Nilikuuliza Wilfred akiamka anasema nini. Nilikuuliza kama anakujua asubuhi, anakuita nani, anafanya nini akijiona kwenye kioo na mvi zile. Nilijifanya mdogo mwema anayejali, nawe ulinijibu kurasa nane, tisa, mbele na nyuma, mpaka pembeni. Katika barua moja uliandika kwamba tangu mama afariki hakuna mtu aliyewahi kukuuliza mambo hayo, watu wote wanauliza tu ‘mzee hajambo?’ na kupita, na kwamba kuniandikia kulikupunguzia mzigo. Mstari huo niliusoma, Dada, nikaupita nikitafuta kichekesho.

Na kikubwa kuliko vyote ulinipa wewe mwenyewe, mwezi wa Februari. Uliniandikia kuhusu mlango.

Hapa ilibidi nimweleze Stagg na wenzake, maana watu wa London hawajui kwamba kwetu mlango wa mbele ni wa daktari, wa mchungaji na wa jeneza, na kwamba mtu wa nyumbani hupita uani. Niliwaeleza kwamba mtu huyu kila alasiri anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa njiwa zake, na huko anasahau kwamba ana mke na ana nyumba. Akimaliza anazunguka hadi barabarani, anasimama mlango wa mbele, anavua kofia, anaizungusha mara tatu mkononi, anabisha. Kichwani mwake bado ni mwaka wa 1915, amekuja kuposa. Mkewe anamfungulia, mwenye miaka arobaini na miwili na aproni, na yeye anadhani ndiye mama mkwe. Anainamisha kichwa: ‘Shikamoo, mama. Selina yupo?’

Chumba kizima kilipasuka. Mmoja alianguka na kiti chake, kweli, si kutia chumvi.

Sikuwasomea yaliyofuata. Sikuwaambia kwamba wewe unamjibu, ‘Marahaba, mwanangu, ingia ukae, anakuja sasa hivi,’ kisha unakwenda jikoni, unavua aproni, unabana kifuani kile kibanio cha mama cha mawe ya buluu, unarudi ukiwa Selina. Wala kwamba yeye anasimama na kukwambia umechelewa lakini ulistahili kungojwa, na mnakunywa chai. Wala kwamba umefanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na tisa, na kizingiti cha mlango ule, ambao majirani hufungua wa kwao mara mbili tu kwa mwaka, wewe unakisugua kwa jiwe jeupe kila asubuhi ili akikute safi. Niliona hayo hayachekeshi, na kengele ilikuwa mezani.

Katika filamu mke hafungui hivyo. Mke wa filamu ni mnene, ana sauti ya king'ora na mti wa kusukumia chapati, na anambamizia mlango usoni. Mume anaanguka kwenye mkokoteni wa makaa. Anaamka, anabisha tena. Mara ya tatu chungu cha maua kinamwangukia toka dirishani, kumbukumbu inarudi, anamtazama mkewe vizuri, na anakimbia mbio mpaka mwisho wa barabara. Hapo filamu inaisha. Mke huyo nilimwandika mimi, kwa mkono wangu. Nimemwita Zelda, na nilidhani hilo linatosha kukuficha.

Na hicho chungu cha maua nacho kinanitia hofu. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa hapa London, mzee mmoja aliniambia mlangoni, huku anacheka, kwamba ana shemeji yake aliyeharibikiwa kichwa kule Ufaransa na sasa amejua dawa yake. Nilicheka naye. Tangu hapo nawaza wale wapuuzi wa kilabuni kwenu, wakishalewa Jumamosi, ni nani kati yao atakayetaka kumjaribu Wilfred. Usimwache atembee peke yake wiki hii, Dada, hata kama utanichukia, hilo nisikilize.

Nilikwenda kwa Stagg nikamwomba mlango ukatwe. Nilichelewa sana, ilikuwa mwezi wa Oktoba, filamu tayari iko kwenye majumba ya sinema. Aliniuliza kama naumwa. Akasema, ‘Clem, ndugu yangu, huo mlango ndio filamu. Ukiutoa hapo inabaki nini? Samaki wa mama mwenye nyumba wako?’ Nikatoka.

Nimekuwa nikizungukazunguka. Ulikuwa ukiniambia nilipokuwa mdogo kwamba nikiwa nimevunja kitu naanza kusimulia habari za hali ya hewa. Bado sijakwambia nilichovunja.

Pasaka nilikuja nyumbani na mgeni. Nilimtambulisha kwako, nikakwambia ni Bwana Parr, karani wa ofisi yetu, mtu mpole asiye na jamaa, amekosa pa kula sikukuu. Nilimpitisha uani kama mtu wa nyumbani. Ulimpa kiti cha baba. Ulikata pai ya nyama ukampa kipande cha katikati, ambacho hata mimi sijawahi kupewa, nikanung'unika, ukaniambia nikae kimya mwenye mdomo mrefu mimi. Baada ya kula alimwomba Wilfred amwonyeshe njiwa, wakakaa bandani saa mbili nzima. Wilfred alimsimulia kila kitu, mashine za kufuma, mashindano ya njiwa ya mwaka wa kumi na nne, na msichana wa Mtaa wa Cobden anayetaka kumwoa, anaitwa Selina, usimwambie mtu. Alirudia mara nne, na mara zote nne Bwana Parr alisikiliza kama vile ndiyo kwanza anasikia. Wewe ulitazama dirishani ukaniambia, macho yamejaa, kwamba hujaona mtu akimsikiliza Wilfred namna ile tangu arudi. Jioni ulimwomba Bwana Parr akae chumba cha mbele aone Wilfred anavyobisha. Uliniambia ulitaka mtu mmoja tu mwenye moyo akuone ukifungua.

Hakuna Bwana Parr, Dada. Yule ni Jolyon Pask, mchekeshaji wetu mkuu. Uso wake uko kwenye tangazo lililobandikwa ukutani mwa Tivoli, ila pale wamemchora masharubu. Stagg alitaka amwone mtu mwenyewe kabla ya kuanza kupiga picha, na mimi nikamleta mezani kwako.

Kwenye treni ya kurudi alisimama katikati ya behewa, akavua kofia, akawa Wilfred. Vidole vile, shingo ile iliyoinama upande wa jeraha. Abiria walianza kucheka hata hawajui anamwigiza nani. Na mimi sikukaa kimya. Nilimsahihisha. Nilimwambia kofia anaizungusha kwenda kulia, siyo kushoto, na kabla ya kubisha anajipangusa viatu nyuma ya suruali. Nilijua, kwa sababu mwaka ule wa kumi na tano, nikiwa na miaka kumi na miwili, mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia. Alikuwa akininong'oneza, ‘We dogo, dada yupo? Nitazame, niko sawa au nimekaa kama jogoo aliyenyeshewa?’ Nikimwambia yuko sawa ananipa peremende. Hilo nalo nilimpa Pask. Limo kwenye filamu.

Halafu mwezi wa Agosti ikaja ile barua yako. Umeiandika kwa haraka hadi wino umemwagika. Wilfred alikuwa anakunywa chai akanyanyua kichwa akauliza, yule Bwana Parr atakuja lini? Kwa jina. Miaka kumi na tisa hakuna sura mpya iliyowahi kumkaa kichwani, si ya daktari, si ya mchungaji, si yako wewe ya leo, na sasa amemshika mtu mmoja. Ulikimbilia kwenye chumba cha kuoshea vyombo ukalia huko asikuone. Daktari alisema hajawahi kuona, na huenda ni kwa sababu mtu huyo alimsikiliza. Ameuliza habari zake mara tano tangu siku hiyo. Ukaniomba, Clement, nakusihi, mlete tena, hata kwa siku moja.

Nami nikakujibu kwamba Bwana Parr amehamia Kanada.

Sasa unaelewa kwa nini Jumamosi inanitia kiwewe. Wilfred atakaa mstari wa mbele na medali zake, taa zitazimwa, na rafiki pekee aliyempata tangu vita atatokea mbele yake, mkubwa kuliko nyumba, na kofia mkononi, akimwigiza yeye, na mji mzima utacheka. Sijui lipi baya zaidi, kwamba atamtambua na kumwita kwa jina mbele ya watu, au kwamba hatajiona mle ndani na atacheka pamoja na wengine. Na wewe utakuwa kando yake na kofia mpya ya zambarau.

Naona aibu, Dada. Siyo ile ya kuombea radhi kwa shada la maua. Siwezi kupita mbele ya kioo cha duka. Ulisimama kwenye mashine za kufuma tangu una miaka kumi na miwili, nusu siku kazini nusu siku shuleni, ili mimi nibaki darasani nijifunze kuandika. Nimejifunza, na haya ndiyo niliyoandika.

Kifurushi kinachokuja pamoja na barua hii ni barua zako, thelathini na moja. Ni zako, nakurudishia. Ukizifungua utaona nimezipigia mistari kwa penseli nyekundu. Palipo na mstari ndipo nilipochukua. Nilitaka kuifuta, nikaanza hata kuifuta, nikaona huo nao ni uongo. Ile ya Februari, mstari unaishia pale anapouliza ‘Selina yupo?’ Hapo chini hakuna penseli nyekundu tena hadi mwisho wa ukurasa. Huko chini ni kwenu, sikugusa, na sijui kama hilo linanipunguzia kosa au linaliongeza.

Ukitaka nipande jukwaani Jumamosi niseme mbele ya watu nilichofanya, nitasema. Ukitaka nikae kimya ili wasijue kwamba yule ni Wilfred, nitakaa kimya maisha yangu yote. Ukitaka nisionekane kabisa, Tattersall nitampelekea taarifa kwamba naumwa. Na kwa kuwa Wilfred bado anamuulizia Bwana Parr, nimefanya jambo moja. Nimemwomba Pask aje kwa jina lake la kweli, akae naye bandani bila kuigiza chochote. Ameniambia atafikiri. Simwamini, lakini nimemwomba.

Nisalimie mji wote isipokuwa wanaonisifu. Wilfred sithubutu kumtumia salamu kwa karatasi. Nitakuja Ijumaa kwa treni ya mchana, na saa kumi na moja jioni nitakuwa nimeshafika Mtaa wa Cobden. Sitapita uani. Nitabisha mlango wa mbele kama mtu mgeni, na nisipofunguliwa nitaelewa na kurudi stesheni. Saa hizo ndizo zake naye, kwa hiyo huenda ukatukuta wawili kizingitini, kila mmoja na kofia mkononi. Mfungulie yeye. Mwambie marahaba, mwambie Selina anakuja. Mimi niache nje kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Clement